Kombe la 2011 lilimlipa nani? Dallas, Miami na kidonda cha 2006

Habari zenu ndugu zangu, popote mnaponitazama. Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo. Leo sizungumzii viza wala kodi ya nyumba. Tangu niliporekodi ile video nje ya uwanja wa Dallas Mavericks, timu ya mpira wa kikapu ya hapa, mbele ya sanamu ya nyota wao Dirk Nowitzki, mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa namna nyingi: timu ikipoteza fainali kwa uchungu, halafu miaka ikapita ikaja kuchukua ubingwa, ule uchungu unafutika? Na mwingine akaongeza: ningepewa nafasi ya kubadilisha, nichukue kombe la 2006 nirudishe la 2011, ningekubali?

Hapa Dallas hili ni jambo watu wanaliongea hadi leo, kazini, kinyozi, kwenye nyama choma za Jumapili. Mimi nina jibu langu, lakini lazima niwapeleke taratibu, maana mwaka 2006 wengi wenu macho yalikuwa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, na wakati huo huo Mjerumani mmoja kutoka Würzburg, Dirk huyo huyo, alikuwa anateseka huku Texas.

Mavericks walianzishwa 1980. Miaka yote hiyo hawakuwahi kugusa fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Mwaka 2006 wakafika, tena baada ya kuwatoa San Antonio Spurs, mabingwa watetezi, kwenye mchezo wa saba uliokwenda hadi muda wa nyongeza. Fainali wakakutana na Miami Heat. Mchezo wa kwanza Dallas wakashinda 90-80, wa pili 99-85. Fainali hii anayetangulia kushinda michezo minne ndiye bingwa, kwa hiyo ilibaki miwili tu. Mjini watu wakaanza kuzungumzia gwaride la ubingwa.

Mchezo wa tatu, Miami. Robo ya nne, zimebaki dakika sita na nusu hivi, Dallas wanaongoza 89-76. Pointi 13! Anayejua mpira wa kikapu anajua kwamba hapo mechi inaelekea kwisha, na ukiongoza michezo mitatu kwa sifuri kwenye NBA, hakuna timu iliyowahi kukurudi. Ndipo Dwyane Wade wa Miami akawaka. Alifunga pointi 42 usiku ule. Sekunde za mwisho Dirk akapata mitupo huru miwili ya kusawazisha, ile unayopewa ukichezewa faulo. Wa kwanza ukaingia, wa pili ukagonga chuma. Miami 98, Dallas 96.

Mchezo wa nne Dallas walifunga pointi 74 tu. Na wa tano, jamani, huo ndio unaowatoa watu machozi hadi leo. Muda wa nyongeza, Dallas wako mbele kwa pointi moja, Wade anaingia katikati ya mabeki, filimbi inalia: faulo, imeandikwa kwa Dirk. Zimebaki sekunde 1.9. Wade anafunga mtupo wa kwanza. Hapo Josh Howard wa Dallas akaonekana akiomba muda wa mapumziko, na waamuzi wakampa pale pale, kabla mtupo wa pili haujapigwa. Yaani muda wao ukatumika kabla ya wakati, na Wade alipofunga wa pili wakalazimika kuanza mpira chini kabisa ya goli lao, mbali na kikapu cha Miami. 101-100. Usiku ule Wade peke yake alipiga mitupo huru 25, sawasawa na timu nzima ya Dallas.

Kuna mzee mmoja wa hapa niliyewahi kufanya naye kazi ghalani, aliyekuwa akiifuata timu tangu inaanzishwa. Ukimtajia 2011 anatabasamu. Ukimtajia mchezo wa tano wa 2006 anaweka boksi chini na kuanza kukuhesabia faulo kwa vidole, moja baada ya nyingine, na kila moja anakwambia ilikuwa upande gani wa uwanja na nani alikuwa karibu. Anaamini waliibiwa. Mimi naheshimu uchungu wake, na ile namba 25 hata mimi hainikai vizuri. Lakini zile pointi 13 za mchezo wa tatu hazikuchukuliwa na refa. Timu ilishindwa kuzilinda.

Basi wakarudi Dallas kwa mchezo wa sita. Kocha wa Miami, Pat Riley, alisema amepakia suti moja tu, shati moja na tai moja. Hakuwa na mpango wa kucheza mchezo wa saba. Na hakuucheza. Miami 95, Dallas 92, mtupo wa kusawazisha wa Jason Terry wa Dallas ukakataa, na Miami wakabeba kombe mbele ya watu wa Dallas, kwenye uwanja wa Dallas.

Mwaka uliofuata ndio uliozidisha. Msimu wa 2007 Mavericks walishinda michezo 67, Dirk akachaguliwa MVP, mchezaji bora wa ligi nzima. Halafu raundi ya kwanza kabisa ya mchujo wakatolewa na Golden State Warriors walioingia wakiwa wa nane. Dirk alipofika koridoni kule Oakland akarusha pipa la taka ukutani, ukuta ukatoboka. Lile tundu liliachwa hivyo hivyo kwa miaka. Tuzo yake ya MVP alikuja kukabidhiwa wakati timu yake tayari iko nyumbani. Fikirini mtu anapokea heshima kubwa kuliko zote za mchezo wake huku uso umemshuka. Baada ya hapo akaenda zake Australia na yule mwalimu wake wa tangu ujana, Holger Geschwindner, wakazunguka huko wiki kadhaa. Huku nyuma walishaanza kumwita laini. Wakasema Wazungu wa Ulaya hawawezi kuongoza timu kuchukua ubingwa.

Sasa twende 2011. Fainali, na mpinzani ni nani? Miami tena. Safari hii Wade ana LeBron James na Chris Bosh pembeni. Kwenye orodha ya Dallas wamebaki wawili tu waliocheza ile fainali ya 2006: Dirk na Jason Terry. Na Terry, kabla msimu haujaanza, alikuwa amejichora tatuu ya kombe la NBA kwenye mkono, msuli wa juu pale. Hawajacheza hata mchezo mmoja! Akasema wasipolichukua ataifuta.

Mchezo wa kwanza Miami wakashinda, na Dirk akachanika kano ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Mchezo wa pili, zimebaki dakika saba hivi, Miami wanaongoza kwa pointi 15. Watu wengi hapa walishazima televisheni. Mimi nawaelewa, maana walikuwa wanaona 2006 inarudi. Kumbe safari hii ni upande wa pili. Dallas wakafunga 22 huku Miami wakiambulia tano, na kikapu cha ushindi Dirk alikifunga kwa mkono uleule wa kushoto, wenye kidole kilichofungwa bandeji, zikiwa zimebaki sekunde tatu na ushee. Mchezo wa nne akacheza na homa ya zaidi ya nyuzi 38. Wade na LeBron wakanaswa na kamera wakikohoa kwa mzaha. Dirk hakujibu lolote la maana, akaendelea na kazi.

Mchezo wa sita, tarehe 12 Juni, kwenu huko ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Dirk kipindi cha kwanza alirusha mara 12, ukaingia mmoja. Mmoja! Aliyeibeba timu muda wote ule ni Terry, yule yule ambaye mtupo wake wa mwisho ulikataa 2006. Alimaliza na pointi 27. Dirk akaamka kipindi cha pili, akafunga 18. Dallas 105, Miami 95, kwenye uwanja wa Miami.

Na hiki ndicho ninachotaka mkitazame, video zipo mtandaoni. Mchezo unakwisha, wenzake wanaanza kukumbatiana, Dirk anavuka meza ya waandishi wa matokeo na kuondoka uwanjani moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo. Alikwenda kulia machozi. Ikabidi afuatwe ndani na kubembelezwa atoke aje apokee kombe. Mimi naamini yale machozi yalikuwa na 2006 ndani yake, na 2007, na lile pipa la taka.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema "2011 ilifuta 2006," nauliza: ilimfutia nani? Dirk, ndiyo. Terry, ndiyo. Mzee wangu wa ghalani, nusu. Lakini Josh Howard, aliyebaki na lile tukio la kuomba muda, aliondoka Februari 2010 kwenda Washington, na katika mabadilishano yale yale Dallas wakampata DeShawn Stevenson na Brendan Haywood, ambao mwaka mmoja baadaye walivaa pete ya ubingwa. Devin Harris, naye wa 2006, alipelekwa New Jersey 2008 ili Jason Kidd aje. Kidd, miaka 38, akapata pete ambayo alikuwa ameikosa kwenye fainali mbili, 2002 na 2003. Jerry Stackhouse, aliyefungiwa ule mchezo wa tano, hakuwepo. Msenegali wetu DeSagana Diop hakuwepo. Kocha Avery Johnson alishafukuzwa 2008. Hawa hawakulipwa kitu. Uchungu wao wa 2006 uko pale pale ulipokuwa.

Watu wa Yanga hapa mtanielewa haraka kuliko mtu yeyote. Mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, mlifungwa 2-1 kwa Mkapa na USM Alger, mkaenda Algiers mkashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likaenda kwa wenyeji kwa bao la ugenini. Baada ya hapo kocha Nabi akaondoka, mshambuliaji Mayele akaondoka kwenda Pyramids ya Misri. Na Mayele 2025 akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga hata kwenye mchezo wa marudiano wa fainali. Mlimfurahia, najua, nimeona mlivyoposti. Lakini lile la Algiers liliponywa? Na siku Yanga ikichukua kombe la Afrika, atakayelibeba nahodha atakuwa mtu aliyelia Algiers, au mgeni kabisa?

Hilo ndilo linalowaumiza watu wa Dallas kwa sasa, na ndilo lililonifanya niwashe kamera. Mwaka 2024 Mavericks walifika fainali tena, wakiongozwa na Luka Dončić. Boston Celtics wakawafunga michezo minne kwa mmoja. Watu waliumia, ila kulikuwa na utulivu fulani mjini. Kila mtu alikuwa na jibu lile lile: subirini, hata Dirk alianza hivi. Luka alikuwa na miaka 25. Dirk alipopoteza 2006 alikuwa ametimiza 28 siku moja tu kabla ya mchezo wa mwisho, na kombe alilipata akikaribia 33. Muda ulikuwepo, tena mwingi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025 uongozi ukampeleka Luka Los Angeles Lakers, akaja Anthony Davis. Asubuhi watu wakaenda kwenye sanamu ya Dirk kuweka maua, kuna waliobeba hadi jeneza. Watu huko nyumbani mliniuliza, mbona wanafanya msiba kwa mchezaji aliyeuzwa? Kilichokufa ni ile subira. Waliichukua ile fainali ya 2024 kama mbegu ya kitu, wakakubali kuumia kwa sababu walishaona mfano mbele ya macho yao kwamba mtu yule yule anaweza kurudi akalipiza. Halafu mtu akaondolewa. Aprili Luka alikuja Dallas na jezi ya Lakers, wakamwonyesha video ya kumshukuru, akalia kwenye benchi taulo mkononi, kisha akawafunga pointi 45. Uwanja mzima ulikuwa unamshangilia yeye.

Mei bahati ikawaangukia Mavericks, wakashinda bahati nasibu ya drafti, ile inayoamua timu ipi itatangulia kuchagua wachezaji wachanga, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, wakamchukua kijana Cooper Flagg. Kijana mzuri, nampenda, na huenda akaleta kombe. Likija nitashangilia hadi sauti ikauke. Lakini Flagg hakucheza na Boston 2024. Kombe lake litakuwa lake, jipya, halitagusa lile la Luka. Na Luka akichukua na Lakers, litakuwa la Luka.

Kwa hiyo yule aliyeniuliza kama ningebadilisha: hapana, sibadilishi. Kombe la 2006 lingekuwa tamu, na akina Howard na Stackhouse wangekuwa na pete zao, hilo linaniuma kweli. Lakini 2011 niliona watu wawili wakirudi kwenye jeraha lao wenyewe, dhidi ya timu ile ile, Wade yule yule mbele yao. Agosti 2023 Dirk na Wade waliingizwa Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu siku moja, jukwaa moja, kila mmoja ana fainali yake kati yao wawili. Hilo siligusi.

Haya ndugu zangu, niandikieni fainali iliyowaumiza ninyi, na nani kati ya waliokuwepo alikuja kulipwa. Wa Gor Mahia, wa Simba, wa Mazembe, wote nawasubiri. Tuonane wiki ijayo, tutaongelea leseni ya udereva kama nilivyoahidi.