Ramu Imepanda Bei: Ununue Saa Hii ama Ungoje?

AKINYI: Haya, tumeanza kurekodi. Karibuni kwa kipindi, tuko Kisumu kama kawaida, na mkiskia honi hapo nyuma ni bodaboda, hatuna uwezo juu yao. Fundi Barasa yuko.

BARASA: Niko dada, salama kabisa.

AKINYI: Leo tuko na swali ya mwalimu mmoja ako na saiba, yaani duka la intaneti, huko Kakamega. Desktopu sita, zote ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, kila moja ina giga 4 za ramu, ile kumbukumbu mashine inafanyia kazi. Microsoft ilipoacha kushughulikia Windows 10 hiyo Oktoba 2025 akahamia Windows 11, sasa mashine zinatambaa, mteja anafungua iTax, ile tovuti ya kodi, anamaliza soda kabla ukurasa utokee. Ramu alikuwa anunue mapema akaahirisha, saa hii kila duka anauliza anaambiwa bei mara mbili ama zaidi. Anasema, fundi, ninunue ama ningoje ishuke?

BARASA: Mwalimu, salamu nyingi. Sasa mimi siwezi kukwambia ngoja ama usingoje kabla tujue ni nini imepandisha bei, juu ramu imepanda mara nyingi tangu zamani na si mara zote ni shida ile ile.

AKINYI: Wacha kuzunguka, mtu ako na saiba anataka jibu.

BARASA: Nakuja. Kuna ile ya ajali. 1993 kiwanda kimoja cha Sumitomo Chemical kililipuka Niihama, Japani, na hicho ndicho kilikuwa kinatoa zaidi ya nusu ya gundi fulani ya kufunikia chipu, dunia nzima. Bei ya ramu ikaruka ndani ya siku chache, na kumbe stoki ya hiyo gundi ilikuwa bado iko kwa maghala, ni watu tu walikimbia kununua kwa uoga. Halafu 2011 mafuriko Thailand, hiyo iligusa diski za kuhifadhia, zile hard disk, si ramu, lakini ni hadithi ile ile. Halafu Septemba 2013 moto ukashika kiwanda cha SK hynix Wuxi, China, mahali kulikuwa kunatoka karibu nusu ya ramu ya hiyo kampuni, bei ikakaa juu miezi kadhaa. Hiyo ya ajali kama kazi yako haijasimama, ngoja. Kiwanda kinaoshwa, kinatengenezwa, na wale majirani zake wanaongeza uzalishaji juu wanaona pesa.

AKINYI: Na hii ya saa hii?

BARASA: Hii hakuna kitu kimeungua. Ndio inanisumbua. Hizi kampuni za AI zinajenga nyumba kubwa kubwa za seva, na hizo seva zinataka ramu ya aina yake inaitwa HBM, ambayo inabebanishwa tabaka juu ya tabaka karibu na prosesa. Micron wenyewe walisema kutoa kiasi kile kile cha HBM kunakula karibu mara tatu ya sahani za silikoni, zile chipu zinakatwa kutoka kwazo, ukilinganisha na DDR5, ramu ya kawaida ya mashine mpya. Sasa kiwanda ni kile kile, sahani ni zile zile. Ni kama mkulima wa Bungoma ameng'oa mahindi akapanda miwa, wewe unakaa hapo unangoja mvua inyeshe ndio mahindi irudi. Mvua itanyesha, sawa, lakini shamba si la mahindi tena.

AKINYI: Eh. Hapo nimekuelewa.

BARASA: Na wenye mashamba ni watatu tu wa maana, Samsung na SK hynix wa Korea Kusini, na Micron wa Marekani. Oktoba 2025 OpenAI, wale wa ChatGPT, ikaandikiana na hao Wakorea wawili makubaliano ya mwanzo, lengo ni sahani 900,000 kwa mwezi. Desemba hiyo hiyo Micron ikatangaza inaachana na Crucial, yaani lile jina lake la kuuzia mimi na wewe, ati inataka kuhudumia wateja wakubwa. Sasa we mwenye saiba Kakamega uko wapi kwa hiyo laini?

AKINYI: Mimi nina swali moja ya kichokozi. Hawa watatu si ndio walipatikana wakipanga bei pamoja huko nyuma?

BARASA: Ndio, na si uvumi. 2005 Samsung ilikubali makosa Marekani ikalipa faini ya dola milioni 300, na Hynix milioni 185 mwaka huo huo, juu ya kupanga bei za ramu. Kwa hivyo ukiwa na wasiwasi nao uko na haki. Lakini hata tukisema ni malaika, kiwanda kipya ni kazi ya miaka, si kuweka mabati. Na hata kile kiko tayari, sahani ikiingia leo inatoka chipu baada ya miezi kama mitatu hivi.

AKINYI: Na shilingi? Juu hapa kwetu kila bei ikipanda tunasema ni dola.

BARASA: Safari hii dola tuiache. Mwanzo wa 2024 dola ilifika kama 160, ikashuka ikakaa karibu 130, na hapo ndipo imekaa wakati ramu inapaa. Bei imepandia huko nje, imekuja Nairobi ikiwa imepanda, ikapanda basi la usiku ikatufikia hapa. Mwenye duka Kisumu anaweka yake kidogo tu, ingawa kuna wale wameficha stoki ya zamani wanauza na bei mpya, tunawajua.

AKINYI: Wewe hauwezi ficha?

BARASA: Dada, usinitafutie kesi hewani.

AKINYI: Haya, mwalimu. Mimi nilichukua kalamu. Tuseme tu, kwa mfano, kadi ya giga 8 ilikuwa 3,000 na sasa ni 6,000. Hiyo ya juu, 3,000, ndiyo mwalimu anaogopa kupoteza. Sasa mashine ikitambaa inamfukuzia wateja wangapi? Tuseme wawili kwa siku, kila mmoja angelipa 50. Hiyo ni mia kwa siku. Siku 30 za kazi ile 3,000 imerudi. Akingoja miezi sita, na siku 26 za kazi kila mwezi, amepoteza 15,600 kwa mashine moja akingojea kuokoa 3,000. Na Juni 30 iko hapo mbele, mwisho wa ritani za kodi za KRA, watu wanapanga foleni mpaka nje.

BARASA: Hesabu ni safi, lakini mtu asiizidishe mara sita. Nimuulize mwalimu, siku ya kawaida mashine ngapi zina mtu? Saiba nyingi nimeingia, kati ya sita zinafanya kazi tatu, zingine ni za mapambo mpaka Juni ama mpaka wale wa fomu tano wa mkopo wa HELB na nafasi za chuo za KUCCPS waje.

AKINYI: Form Four, fundi. Fomu tano iliisha kitambo.

BARASA: Hao hao. Sasa skiza. Yeye ako na giga 4 mara sita. Kama hizo Windows 11 ziliingia bila kulazimishwa basi kwa kawaida ni Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na hiyo ni DDR4, ramu ya kizazi kabla ya DDR5. Afungue mashine tatu, atoe ramu, aiweke kwa zile zingine tatu kwa sloti ya pili. Amepata mashine tatu za giga 8 bila kutoa hata shilingi. Leo. Kabla hata kipindi hiki kiishe.

AKINYI: Na zile tatu zimebaki tupu?

BARASA: Zinakaa. Juni ikikaribia, anunue kadi moja moja, aanze na mashine iko karibu na mlango. Lakini kwanza aangalie sloti, na aangalie umbo, juu hizi desktopu ndogo za ofisi zinatumia ramu fupi ya laptopu, haiingiani na ya desktopu. Nimeona mtu amesafiri na ramu kutoka Nairobi, anafika, ni ndefu.

AKINYI: Mimi hapo ndipo tunatofautiana. Kama bei bado inapanda, si anunue zote tatu sasa? Akope kwa chama, amalize.

BARASA: Akope kwa chama anunue kitu itakaa kwa droo miezi? Hapana. Ramu kwa droo haileti mteja. Halafu huu mchezo unageukaga. Baada ya kupanda 2017 hivi, 2019 ilikuwa imeanguka. 2023 zilijaa mpaka Samsung ikatangaza kupunguza uzalishaji. Waliokuwa wamejaza maghala waliumia. Sijui ni lini na mtu akikutajia mwezi anakudanganya, lakini mwalimu si dalali wa chipu, anauza huduma.

AKINYI: Lakini ukikosea upande huo mwingine? Juni inafika imekuwa 9,000.

BARASA: Basi anatumia hesabu yako. Mia kwa siku, 9,000 inarudi siku 90. Hapo pengine ramu mpya haina maana tena, anunue mashine nzima ya mtumba yenye giga 8 ndani, auze ile tupu kama spea. Kuna wakati mashine nzima ya ex-UK inatoka nafuu kuliko ukinunua vipande, juu aliyeiingiza aliileta kabla bei kupanda.

AKINYI: Sawa, hiyo nakubali shingo upande. Na ramu ya mtumba?

BARASA: Ndiyo ningemwambia anunue. DDR4 hizi kampuni zinaiacha polepole zihamie DDR5, kwa hivyo mpya hazitakuwa nyingi, lakini za kutolewa kwa mashine za maofisi ziko. Ramu si kama betri, haichakai hivyo. Shida ni feki. Kuna watu wanabandika stika ya giga 8 kwa kadi ya giga 4. Aweke kwa mashine akiwa dukani, asome mwenyewe inaonyesha ngapi, halafu aende nayo na makubaliano ya kurudisha, usiku awache MemTest86, programu ya kupima ramu, ikitembea mpaka asubuhi. Ikionyesha laini nyekundu hata moja, arudishe, asiambiwe ati ni vumbi.

AKINYI: Muuzaji akikataa makubaliano ya kurudisha?

BARASA: Basi pia yeye anajua ni nini anauza. Aende duka lingine.

AKINYI: Kuna mwingine hapa wa Nakuru anauliza, laptopu yake ramu imechomelewa kwa mathabodi, ule ubao mkuu wa ndani, afanye nini?

BARASA: Hiyo ndiyo imeisha, pole ndugu yangu. Haiongezeki. Apunguze tabu za brausa, na akinunua ingine aulize hiyo swali kabla aulize bei.