Anayemweka na Anayemwondoa: Kiongozi wa Chama Uingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuingie ndani ya vyama vya Uingereza, tutazame nani humweka kiongozi na nani humwondoa. Katika Conservative na Labour, kazi hizo mbili zimekuwa zikikinzana, na naamini misukosuko mingi ya huko imeanzia hapo.

Hadi 1965 Conservative hawakuwa na uchaguzi wa kiongozi. Wakubwa walishauriana faraghani, jina likatoka. Baadaye wabunge wakapiga kura, na 1998, chini ya William Hague, wanachama nao wakaingizwa: wabunge huchuja wagombea hadi wabaki wawili, kisha wenye kadi humchagua mmoja.

Kumwondoa, lakini, kukabaki kwa wabunge. Hapa tutulie kidogo. Mbunge aliyemchoka kiongozi humwandikia barua mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wa chama wasio mawaziri. Mwenyekiti huzitunza barua kwa siri na hasemi zimefika ngapi. Mbunge akighairi, huiondoa yake. Kwa miaka mingi, zilipofika asilimia 15 ya wabunge, kura ya siri iliitishwa. Basi waziri mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa chama tawala, huweza kuamka asubuhi akiendesha nchi bila kujua zimebaki barua ngapi kura hiyo iitishwe.

Iain Duncan Smith yalimkuta. Mwaka 2001 wabunge waliompa kura hawakufika theluthi. Wanachama wakampa ushindi mkubwa. Mwaka 2003 wabunge wakamwangusha kwa kura 90 dhidi ya 75, kabla hajaongoza chama katika uchaguzi mkuu hata mmoja.

Labour, chama kilichoanzishwa 1900 kwa nguvu za vyama vya wafanyakazi, kilipita njia nyingine. Mwaka 1981 kiligawa kura ya kiongozi: asilimia 40 kwa vyama vya wafanyakazi, 30 kwa wabunge, 30 kwa matawi ya majimbo. Kufikia 2015 mgao huo ulikuwa umefutwa, na hata asiye mwanachama aliweza kupiga kura kwa kujiandikisha na kulipa pauni 3. Jeremy Corbyn akashinda. Juni 2016 wabunge wake 172 wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 40 tu wakamuunga mkono. Akabaki! Kanuni za Labour hazikuipa kura ile nguvu ya kumng'oa, na Septemba wanachama wakamrudisha kwa karibu asilimia 62.

Mimi namheshimu sana mwanachama anayelipa ada na kugonga milango ya watu mvua ikinyesha. Chama kikiwa upinzani, achague yeye. Kikiwa madarakani, nasimama na wabunge, kwa sababu serikali husimama kwa kura zao bungeni kila wiki. Mwaka 2022, Conservative wakiwa madarakani, Rishi Sunak aliongoza duru zote za kura za wabunge, lakini wanachama wakamchagua Liz Truss kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399. Hazikupita wiki saba, akatangaza kujiuzulu. Safari hii chama kikadai kila mgombea aungwe mkono na wabunge 100. Boris Johnson, waziri mkuu aliyemtangulia Truss, akajitoa, Penny Mordaunt akajitoa dakika za mwisho, na Sunak akawa kiongozi Oktoba 24 bila mwanachama wa kawaida kupiga kura.