Chupa Iliyolia Chakachaka

Ndugu zangu, nimeombwa niwasimulie safari yangu ya kitaaluma katika kinga ya VVU. Vyeti tuviache. Nianze na chupa.

Nilikuwa mtafiti mchanga, nimetoka kuwaeleza kina mama namna dawa kinga, ile anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, inavyofanya kazi. Mmoja akanyanyuka, akaichukua chupa ya vidonge pale mezani, akaitikisa sikioni pangu. Chakachaka! "Mwalimu, hii ikilia mkobani, nani hatajua?" Nilikuwa na slaidi 40. Jibu halikuwamo.

Swali lile nilikuja kulielewa niliposoma majaribio ya dawa kinga yaitwayo VOICE, yaliyoandikisha wanawake zaidi ya 5,000 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa maelezo yao wenyewe, walitumia vidonge au jeli waliyopewa kwa karibu asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Matokeo yalipochapishwa 2015, ilikuwa rahisi kusema wanawake wale walidanganya. Mimi hapo nawatetea. Umekaa mbele ya mtu na dodoso, kliniki ni yako, nauli umemlipa wewe, halafu unamuuliza kama anameza dawa. Ulitegemea akujibu nini?

Kambodia hali ilikuwa tofauti: watu walisema wazi. Mwaka 2004 wanawake wanaofanya biashara ya ngono walitaka wahakikishiwe matibabu iwapo tenofovir, dawa kinga iliyotaka kujaribiwa kwao, ingewadhuru. Serikali ikayasimamisha majaribio kabla hayajaanza. Dawa yenyewe baadaye ilithibitika kukinga. Mwongozo wa kuwashirikisha wanajamii katika majaribio ya aina hii ulitoka 2007, miaka mitatu baada ya mzozo.

Sasa nyinyi mnaotaka uprofesa, niwaambie ukweli: cheo kinapanda kwa machapisho. Miezi sita ya kukaa na waelimishaji rika kabla hujaandika hata mstari mmoja wa andiko la kuomba fedha haihesabiwi popote. Mimi nilicheleweshwa kupanda daraja kwa ajili hiyo, na sijifanyi kwamba haikuniuma. Lakini kamati ya ushauri ya jamii inayoitwa baada ya itifaki, yaani mpango wa utafiti, kupitishwa inashauri kitu gani? Rangi ya fulana?

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya sindano kinga ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa huko Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Nikamkumbuka yule mama.

Wiki moja baada ya kikao kile alirudi, akanitikisia chupa tena. Kimya. Ameijaza pamba. Mfamasia wetu alikunja uso, akahofia unyevu. Mimi niliomba kalamu.