Injini ya Kabureta Inayokosa Petroli: Anza na Vali ya PCV

Watazamaji wapendwa, karibuni. Pikapu hii kuukuu ya kabureta imeletwa hapa Nakuru kwa sababu inatetemeka ikiwa imesimama, inazimika kwenye matuta, na inapokanyagwa ghafla hupiga mlipuko mdogo ndani ya kabureta. Hizo ni dalili za hewa kuzidi petroli. Kabla hujashika bisibisi, kumbuka kwamba mji huu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na kabureta ambayo haijabadilishwa jeti (vitundu vinavyopima petroli) huelekea kutoa petroli nyingi kupita kiasi, wala si kidogo. Ndiyo maana gari la Nakuru likionyesha kukosa petroli, mimi hutafuta kwanza tundu linalopitisha hewa, na jeti huziacha kama zilivyo.

Egesha gari nje, kwa maana moshi wa ekzosi katika gereji iliyofungwa huua. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, na ukunje mikono ya shati isije ikanaswa na feni.

Injini ikiwa imepoa, fungua plagi na uzipange kwa kufuata silinda zake. Rangi ya hudhurungi ni njema, masizi meusi ni petroli iliyozidi, na weupe mkavu kwenye ncha ni hewa iliyozidi. Plagi moja tu ikiwa nyeupe, chunguza gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa na petroli kwa silinda) karibu na silinda hiyo. Hapa zote nne ni nyeupe, kwa hiyo hewa inaingia mahali ambapo silinda zote zinachota, na mpira (bomba laini) wa vali ya PCV, yaani vali ya kutoa gesi ndani ya injini, huingia hapo hapo chini ya kabureta.

Kazi ya vali hii ni kuvuta gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ili zirudi kwenye manifoldi zikaungue. Ndani yake mna springi na kipande kidogo kinachosogea: injini ikinguruma taratibu, mvuto wa manifoldi ni mkali na kipande hicho hubana njia, ukikanyaga, mvuto hupungua na springi hupanua njia. Ikiganda wazi, hewa hufurika injini inaponguruma taratibu. Ikiziba, shinikizo hupanda ndani ya sampu, oili huvuja kwenye sili, na nyingine hupanda hadi kwenye chujio la hewa.

Sasa chomoa vali na uitikise karibu na sikio. Isipolia, imeganda. Ikilia, usiridhike bado, kwa kuwa mlio hauonyeshi kama springi imechoka. Irudishe kwenye mpira wake, washa injini, kisha ziba mdomo wa vali kwa kidole gumba: unapaswa kuhisi mvuto, na mngurumo ushuke kidogo tu. Hapa, tazameni, nikiziba, injini inatulia na mtetemo unakwisha. Vali hii inapitisha hewa nyingi mno.

Chunguza pia mpira wenyewe, hasa upande wa chini wa kona, ambako oili huulainisha hadi ukapasuka bila kuonekana kwa juu. Ninakutana na magari ambayo vali imetolewa na mpira ukaunganishwa moja kwa moja. Hilo ni tundu la kudumu. Mengine mpira umezibwa kwa bolti, na mwenye gari anashangaa sili ya nyuma inavuja. Ukinunua vali mpya, iwe ya injini hiyo hiyo, kwa sababu mbili zinazofanana kwa nje zaweza kupitisha hewa kwa viwango tofauti.

Mtetemo ukibaki, nyunyiza maji kidogo kwenye kitako cha kabureta, ekseli ya throto (kilango cha hewa cha kabureta), gasketi ya manifoldi na mpira wa busta ya breki, lakini usiguse nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo penye tundu. Wengine hutumia petroli. Mimi sikubaliani nao, kwani ekzosi iko karibu sana. Lakini gari likinguruma vizuri likiwa limesimama, kisha likakosa nguvu kwenye mlima wa kuelekea Mau Summit, shida si tundu la hewa bali jeti kuu au chujio la petroli lililoziba.

Mwisho, injini ikiwa imepata moto, kaza skrubu ya mchanganyiko polepole hadi mngurumo uanze kuyumba, kisha ifungue hadi utulie. Ukiwa na geji ya mvuto, usidai inchi 17 hadi 21 za zebaki zinazoandikwa vitabuni, kwani hizo ni za pwani. Hapa inchi 12 hadi 15 bila sindano kutikisika zinatosha. Endesha kwa siku chache, kisha fungua plagi tena uangalie rangi.