Si Bunduki Tu Zilizoshinda Nagashino

Mabibi na mabwana, kila anayevitaja vita vya Nagashino, vilivyopiganwa Japani mwaka 1575, huanza na bunduki. Nami nitaanza nazo, ili tuzimalize mapema.

Zilifika Japani mwaka 1543, katika kisiwa cha Tanegashima, mikononi mwa wafanyabiashara Wareno. Ndio Wareno hao hao ambao mwaka 1505 walikuwa wameishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Zilikuwa gobori za utambi: unashindilia baruti na risasi kwenye mtutu, unawasha utambi, unaomba mvua isinyeshe. Mafundi wa Japani hawakuchelewa kuiga. Kufikia mwaka 1575 walikuwa wakizitengeneza kwa wingi, na hata ukoo wa Takeda, ulioshindwa pale Nagashino, ulikuwa nazo.

Mkuu wa ukoo huo alikuwa Takeda Katsuyori. Baba yake, Shingen, alifariki mwaka 1573 na kumwachia jina zito mno. Mwaka 1574 Katsuyori aliteka ngome ya Takatenjin, ambayo baba yake aliishindwa. Nadhani ushindi ule ndio uliomponza. Mwaka uliofuata alishuka na watu wapatao 15,000, akaizingira ngome ya Nagashino, iliyojengwa penye makutano ya mito na kulindwa na askari wapatao 500 chini ya Okudaira Sadamasa. Huyu Okudaira alikuwa amewahama Takeda akaenda kwa adui yao, bwana wa vita Tokugawa Ieyasu, na Takeda walikuwa wamewaua jamaa zake waliowekwa rehani kwao. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za kusalimu amri.

Chakula kilipokaribia kwisha, askari wa miguu aitwaye Torii Suneemon alitoroka usiku kupitia mtoni, akaenda hadi Okazaki, kwa watu wa Ieyasu, kuomba msaada. Aliporudi akakamatwa. Inasimuliwa kwamba Takeda walimwahidi uhai iwapo angewaambia wenzake kuwa hakuna anayekuja. Akakubali. Alipofikishwa mbele ya ngome akapaza sauti: vumilieni, jeshi liko njiani! Wakamuua.

Na kweli jeshi lilikuwa njiani. Oda Nobunaga, bwana wa vita aliyekuwa mshirika wa Ieyasu, na Ieyasu mwenyewe walikuja na watu ambao kwa kawaida hukadiriwa 38,000. Lakini Nobunaga hakuikimbilia ngome. Alisimama kwenye uwanda wa Shitaragahara, nyuma ya kijito, akasimika uzio wa miti na kuwapanga wenye bunduki nyuma yake. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni, Sakai Tadatsugu, mtu wa Ieyasu, alizunguka milimani na kikosi chake. Kulipopambazuka akaviteka vituo vya Takeda kule Tobigasuyama, vilivyokuwa vikiibana ngome.

Kwangu mimi, vita viliamuliwa hapo. Nyuma ya Katsuyori sasa kuna adui. Mbele yake kuna kijito, matope, uzio, na watu zaidi ya mara mbili ya wake. Inasemekana makamanda wakongwe wa baba yake walikwisha kumshauri arudi nyumbani Kai, naye akakataa. Watatu kati yao, Yamagata Masakage, Naito Masatoyo na Baba Nobuharu (Baba ni jina la ukoo wake), waliingia vitani hata hivyo, na wote watatu walifia pale.

Mtaniuliza habari za bunduki 3,000 zilizopiga kwa zamu katika safu tatu. Hiyo ni chumvi ya waandishi wa baadaye. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga na kuandika habari zake, haelezi zamu hizo, na nakala za kitabu chake zinapingana: moja inasema 1,000, nyingine 3,000. Tena mapigano yalianza asubuhi yakaendelea hadi mchana. Kama risasi zingewafyeka Takeda kama tunavyooneshwa kwenye sinema, yangekwisha mapema zaidi.

Katsuyori aliponyoka, akashikilia nchi yake hadi mwaka 1582, alipozidiwa na ukoo ule ukaishia kwake. Okudaira, kwa kuishikilia ngome, aliozwa Kamehime, binti mkubwa wa Ieyasu. Naona mzee pale nyuma ameshanyoosha mkono. Karibu, tuanze na swali lako.