Kwa Nini Misitu ya Kando ya Mto Huwa na Mimea ya Aina Nyingi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nikiuliza kwa nini misitu ya kando ya mto ina mimea ya aina nyingi, najua mtanijibu: maji. Jibu hilo linatufikisha nusu ya njia tu. Kando ya mfereji wa umwagiliaji maji yapo mwaka mzima, na mara nyingi utakuta matete na nyasi za aina chache, basi. Maji hustawisha msitu, lakini huo wingi wa aina unatokana na fujo za mto.

Tutazame mto unapokata kona. Upande wa nje maji hukimbia yakila ukingo, na miti mikubwa huanguka. Upande wa ndani maji hulegea, yakatua mchanga. Ardhi mpya imezaliwa, tupu, haina kivuli. Kona huzidi kusogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukitoka majini kuelekea msituni unapita katikati ya rika za miti: miche mchangani, halafu vichaka, halafu miti inayokua upesi na kupenda jua, na mbali zaidi ile inayovumilia kivuli. Mwaka 1986 mtafiti Jukka Salo na wenzake, wakitumia picha za setilaiti za Amazon ya Peru, walionyesha kwamba asilimia 26.6 ya msitu wa nyanda za chini ina alama za mmomonyoko na utuaji wa mashapo wa karibuni. Zaidi ya robo! Msitu tunaouwazia kuwa wa kale, usioguswa, kumbe mto unaufumua na kuufuma upya.

Sasa naomba tuwe makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Mafuriko yenyewe hayaongezi aina za mimea mahali yanapokaa muda mrefu. Huzipunguza. Udongo ukijaa maji hewa huisha, na mizizi isiyojiandaa hufa. Karibu na Manaus, mji wa Brazili ulio katikati ya Amazon, mto hupanda na kushuka takriban mita 10 kwa mwaka, na iko miti inayosimama majini zaidi ya nusu mwaka. Inayoweza hivyo ni michache: huwa na vitundu vya hewa kwenye gome au nafasi za hewa ndani ya mizizi. Panda juu kidogo, penye mafuriko ya wiki chache, na aina huongezeka. Ukisimama mahali pamoja ukahesabu, unaweza kusema mafuriko ni adui. Hesabu bonde zima, na picha inageuka: tuta la mchanga lina mimea yake, bonde la udongo wa mfinyanzi lina yake, kipande cha mto wa zamani kilichojitenga kina yake. Tofauti ya kimo inayoonekana ndogo kwa macho inatosha kubadili wakazi.

Wapo wanaopenda kueleza haya yote kwa nadharia ya usumbufu wa wastani, iliyopata umaarufu kwa makala ya mwanaikolojia Joseph Connell ya mwaka 1978: usumbufu ukizidi wachache huhimili, ukikosekana wenye nguvu huwafunika wengine, katikati ndiko kwenye wengi. Ni nadharia nzuri, ila kwa maoni yangu imependwa kupita kiasi. Kwa mto, kuuliza mafuriko ni makubwa kiasi gani hakutoshi. Yanakuja lini, na yanaondoka kwa kasi gani?

Chukueni mipopla, miti inayoota kingoni mwa mito. Mbegu zake ni nyepesi mno na uhai wake ni mfupi, wa siku au wiki chache. Zinataka mchanga mbichi, ulio wazi, wakati huohuo zinapodondoka. Zikiota, mzizi lazima uyafuate maji ya ardhini yanaposhuka. Watafiti Mahoney na Rood, mwaka 1998, walikadiria kwamba miche huhimili maji yakishuka takriban sentimita 2.5 kwa siku. Zaidi ya hapo hukauka. Mto Tana nchini Kenya una mpopla wake, Populus ilicifolia, unaoanzia maisha kwenye mchanga mpya. Juu ya mto yapo mabwawa, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988 miongoni mwao. Bwawa halikati hata mti mmoja huku chini, na huo ndio udanganyifu wake: miti mikubwa inasimama, wageni wanaupiga picha msitu, kumbe kilele cha mafuriko kikipunguzwa vizazi vipya vinakosa pa kuanzia.

Mto pia husafirisha mbegu, njema na mbaya. Mathenge, Prosopis juliflora, mti vamizi wa kigeni, umeingia kwenye kingo za Mto Turkwel, Kenya, kwa kasi inayotisha. Mikuyu haihitaji msaada huo sana. Ndege, popo na nyani huisambaza.

Niwaachie kisa cha Mto Truckee, Nevada, Marekani. Mwaka 1987 maji ya bwawa yalifunguliwa kwa kipimo ili samaki aitwaye cui-ui apate kuzaa. Yaliteremka taratibu, katika msimu wa mbegu, na kingoni ikaota miche mingi ya mipopla na mierebi. Bwawa halikubomolewa. Kilichobadilika ni wakati wa kufungua lango na mwendo wa kulifunga.

Karibuni maswali.