Mbwa Si Mshenga

Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu leo imekauka.

Nataka tuzungumzie hadithi moja ya mapenzi ambayo wengi wenu humu ndani mmeiandika, au mnaiandika kimyakimya. Askari anarudi kutoka vitani. Anakutana na mwanamke aliyeachana naye miaka mingi nyuma. Pembeni ya askari yuko mbwa wa huduma, yaani aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye jeraha la mwili au la akili. Nimesoma miswada ya namna hii hadi macho yameniuma, na karibu yote mbwa amepewa kazi ya ushenga: anachomoka mkononi mwa bwana wake, anamrukia yule mwanamke, mwanamke anaanguka, askari anakuja mbio kuomba radhi, macho yanagongana. Ukurasa wa nne, mambo yameisha.

Mbwa huyo, ndugu zangu, angefukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Mnacheka, lakini ni kweli. Mbwa wa huduma hufunzwa kwa muda mrefu, mara nyingi karibu miaka 2, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kujifunza kutojali: asimjali mpita njia, asiijali nyama iliyoanguka chini, asimjali mtoto anayemwita. Wengi wanaoanza mafunzo hawafiki mwisho, na kurukia watu ni sababu tosha ya kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo mbwa anayeleta wapenzi pamoja kwa utundu wake ni mbwa aliyefeli. Mwandishi ametuonyesha kwamba hamjui mnyama wake, na mimi msomaji naanza kushuku kama anamjua askari wake.

Asili ya mbwa hawa ni vita vyenyewe. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, shule ya mbwa waongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopoteza macho. Jeraha lilikuwa linaonekana na kazi ya mbwa ilieleweka: hapa kuna ngazi, hapa simama. Jeraha la pili, lile la kiwewe, pale vita vinapobaki akilini baada ya kwisha, lilichelewa hata kupata jina. Liliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Kidonda kilikuwepo muda wote. Na mwaka 2021 nchi hiyohiyo ilipitisha sheria ya kujaribu mpango ambao ndani yake askari wastaafu wenye kiwewe wanafundishwa kufunza mbwa, na baadaye wanaweza kumchukua mbwa waliyemfunza. Nawaachia hapo, maana ndani ya sheria ile kuna hadithi nzuri kuliko zile za kurukiana barabarani: mtu asiyeweza kutuliza moyo wake anatakiwa atulize sauti yake, kwa sababu mbwa hafundishiki kwa sauti inayotetemeka.

Sasa tuingie chumbani. Msione haya, naongelea usingizi.

Askari mwenye kiwewe anapoota vita, mwili wake uko vitani. Mbwa aliyefunzwa husikia pumzi ikibadilika, husogea, humsukuma kwa pua, humlamba mkono, wengine huvuta shuka au hubonyeza swichi ya taa. Mtu anaamka. Nawauliza: kabla ya mbwa huyu kuja, nani alikuwa anafanya kazi hiyo?

Ni mkewe. Ni yeye aliyemgusa bega gizani akapigwa kiwiko na mtu asiyejua anampiga nani. Ni yeye aliyekaa kitako usiku kucha akihesabu pumzi za mwenzake. Ni yeye aliyechagua meza ya pembeni kila walipokwenda kula, aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ili asishtuke, aliyewaambia wageni kuwa baba watoto amelala kumbe amejifungia bafuni. Akawa kengele, akawa nesi, akawa mlinzi. Siku moja akajiangalia akakuta kwamba mpenzi hayumo tena kwenye orodha ya kazi zake. Akaondoka.

Mkiandika kwamba waliachana kwa sababu ya barua iliyopotea, au fitina ya mama mkwe, mnakimbia hadithi. Waliachana kwa uchovu.

Na hapo ndipo mbwa anapata maana. Hakuja kuwaunganisha. Amebeba zamu ambayo mwanamke hakupaswa kuibeba peke yake. Wanapokutana tena, kwa mara ya kwanza tangu vita, mwanamke anaweza kukaa mbele ya mwanamume huyu bila kuwa kazini. Anaweza hata kumchukia kidogo, kwa raha zake. Mgonjwa huwezi kumchukia kwa raha.

Chukueni tukio dogo. Wamekaa mezani, wanazungumza mambo ya kawaida. Uso wa askari umetulia kama maji mtungini. Ghafla mbwa anainuka chini ya meza, anaweka kidevu chake juu ya paja la bwana wake na kubaki hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Belfast, Ireland Kaskazini, walionyesha kwamba mbwa wanaweza kutofautisha harufu ya jasho na pumzi ya mtu akiwa ametulia na akiwa kwenye msongo. Yaani mbwa yule amenusa kile ambacho uso umeficha. Zamani, mwanamke angeuliza "uko sawa?" na kujibiwa "niko sawa", na ndoa yao ingekufa kidogo. Leo haulizi. Anamtazama mbwa, anamtazama mwanamume. Mwanamume naye anajua kwamba ameshasemwa. "Mlango ule nyuma yako," anasema, "umegongwa mara mbili." Mwandishi, hapo ndipo nafasi ya pili inapoanza. Weka kalamu chini kidogo, uwaache wanyamaze.

Tuna methali mbili zinazopigana juu ya jambo hili. Moja inasema maji yakimwagika hayazoleki. Nyingine: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waandishi wetu huipenda ya pili, huiweka mdomoni mwa bibi mmoja mwenye busara, kisha harusi. Lakini sikilizeni maneno yenyewe: ndwele, kuganga. Ni methali ya kitabibu, na kwa askari wetu inadanganya. Yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliliona hili zamani sana. Shujaa wake Odysseus anarudi nyumbani kutoka vitani baada ya miaka 20, akiwa na sura ya ombaomba. Argos, mbwa aliyemlea mwenyewe, amelala kwenye lundo la samadi akiwa na kupe mwili mzima. Anamtambua, anatikisa mkia, hana nguvu ya kumsogelea. Odysseus anafuta chozi kwa siri, na mbwa anakufa. Na Penelope, mkewe, je? Penelope anamtega kwa habari ya kitanda chao, siri ya ndoa yao, kabla ya kumkubali. Mbwa hakuulizi ulikuwa wapi. Mke anauliza, na ana haki. Msifanye msamaha wa mbwa uwe msamaha wa mwanamke.

Najua mtihani wetu sisi tunaoandika Kiswahili: mbwa kwetu ni tusi kabla hajawa mnyama. Mimi naona hiyo ni mali. Mwacheni mwanamke aanze kwa kumwita "hilo libwa lako", aone wivu kwa kuwa ndilo linalolala chumbani, na msitangaze siku alipoacha kusema "hilo" akasema "huyu".

Nimeulizwa mlangoni kama mbwa afe mwishoni, kama Argos. Hapana, jamani. Astaafu. Wengi hustaafu wakiwa na miaka 8 hadi 10. Fulana yake ya kazi itundikwe msumarini. Usiku huo ndoto ije, mbwa mzee akikoroma asisikie kitu, na askari aamke mwenyewe, apapase ukuta, awashe taa. Mwanamke ageuke, macho yamejaa usingizi, aseme, "Zima basi," kisha asogee kumpa nafasi.